Waya wa Mafuta

Naomba radhi mapema kwa msomaji aliyezoea kukutana humu na uhakiki wa tenzi na mijadala ya usanifishaji. Ninayokusudia kuyasimulia yalinifika nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi ya gari kuukuu, miguu ikining'inia nje ya mlango, tochi nimeiuma menoni, na mzee asiyeona akiniongoza kwa maneno. Ikiwa yana uhusiano wowote na taaluma yetu, basi ni kwa upande wa majina ya vitu, nami nitaligusia jambo hilo litakapofika zamu yake.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1991. Ni la mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mamangu, na limekaa kwake Likoni tangu mwaka 1999. Ni gari la milango miwili, fupi la kimo, lenye taa za mbele zinazolala ndani ya boneti mchana na kuinuka usiku mfano wa macho ya chura. Taa ya kushoto haijainuka tangu nilipokuwa kidato cha pili. Wapo waliomshauri aliuze lingali na bei, naye akawajibu kwamba bei wanayoizungumzia wao siyo anayoijua yeye. Ukimwuliza kwa nini alilinunua, hakutajii mwendo wala sura; hukutajia miaka. Celica ilishinda Safari Rally mara nane kati ya 1984 na 1995. Mwaka 1994 mshindi alikuwa Mkenya, Ian Duncan, na mjomba husimulia ushindi ule kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameketi kando akimsomea ramani. Huwa simkumbushi kwamba zile zilizoshinda kuanzia 1990 zilikuwa za aina ya GT-Four, zenye tabo na zenye kusukumwa na magurudumu yote manne, ilhali hili lake halina tabo na linavutwa na magurudumu mawili ya mbele. Anajua hayo kunishinda. "Nasaba ni nasaba," husema.

Macho yalimtoka polepole. Maradhi yake ni glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho. Shinikizo lililomo ndani ya jicho huuharibu mshipa upelekao picha kwenye ubongo, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Ubaya wake ni kwamba aghalabu hauumi, na kwa kawaida huanzia pembeni. Mtu huendelea kuona kilicho mbele yake vizuri huku kingo za dunia zikiliwa kimyakimya. Alipoikwaruza nguzo ya lango mara ya kwanza, mjomba alimlaumu mwashi aliyeijenga. Mara ya pili alimlaumu aliyeegesha mkokoteni mkabala. Mara ya tatu hakumlaumu mtu. Alizima injini, akautia ufunguo katika mfuko wa shati, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajaendesha tena.

Sasa jicho la kushoto ni giza tupu, na la kulia linabaguabagua mwanga na kivuli. Mwanga huo ndio anaoutetea. Kila baada ya miezi kadhaa huvuka kwenda kisiwani kupimwa presha na kuongezewa dawa ya matone, na mimi nikiwapo nyumbani ndiye dereva. Ufunguo, hata hivyo, haukuhama mfuko wake. Kila safari humwomba, naye huutoa. Kila tunaporudi hunyosha kiganja kabla sijafunga mlango, nami humkabidhi. Mamangu huliona jambo hili kuwa kichekesho. Mimi sijapata kulicheka.

Aprili iliyopita nilirudi kutoka chuoni na sura ya tatu ya tasnifu iliyojaa wino mwekundu wa msimamizi wangu. Safari ya kwanza tuliyokwenda, kabla hata hatujafika barabara kuu, mjomba alisema, "Mwanangu, waya wa mafuta wakwaruza. Wausikia?"

Sikuusikia. Nilichokuwa nakihisi ni pedali iliyokuwa nzito kidogo mguuni, nikamjibu kwamba gari lenye zaidi ya miaka 30 lina haki ya kuwa zito. Akacheka. Safari ya pili akarudia maneno yaleyale, na safari hii hakucheka. Jioni yake nikachukua bomba la sindano, nikavuta oili ya injini iliyobakia katika mkebe na kuidondoshea mdomoni mwa ala ya ule waya. Pedali ikalainika, nami nikaona nimemaliza kazi. Nilipomweleza, aliuliza ni oili gani, nikamtajia, akanyamaza kwa namna ambayo mtu mwenye busara angeuliza kulikoni. Sikuuliza.

Wiki mbili baadaye uzito ulirudi, na mara hii ulikuja na tabia mpya: pedali ilikuwa ikigoma mwanzoni kisha ikaachia kwa ghafula, gari likaruka kama punda aliyechapwa. Mjomba alilitaja jambo hilo tukiwa mezani, mbele ya mamangu na wageni wawili. Sijui ni uchovu au ni ile aibu ya kusahihishwa hadharani na mtu asiyeweza kuona unachokifanya. Nilimwambia, "Mjomba, lakini mwenye kuendesha ni mimi."

Hakuna aliyesema kitu. Mamangu aliinuka kwenda kuongeza wali ambao haukuhitaji kuongezwa. Mjomba aliendelea kula taratibu, akiipapasa sahani kwa ncha za vidole kama afanyavyo, na suala la waya likafa hapo mezani.

Anayeijua Likoni anaujua mteremko ule wa kushukia kwenye feri. Magari husubiri juu katika foleni, kisha huruhusiwa kuteremka kundi kwa kundi, na kuzunguka magari hayo kuna bahari nyingine, bahari ya watu: wachuuzi, wanafunzi, kina mama na vikapu, mikokoteni ya nazi na ya magunia. Tangu Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka ndani ya feri na kuzama pamoja na mama na bintiye, sidhani kuna dereva wa kusini ya kivuko anayeushuka mteremko ule bila ya kuliwaza lile gari. Mimi huliwaza kila mara.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Foleni ilisogea, nikaingiza gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta, pedali ikagoma. Nikaongeza nguvu. Ikaachia kwa mkupuo, injini ikanguruma, nikaondoa mguu, na ngurumo isipungue. Pedali ilikuwa imebaki chini, kama mtu aliyesujudu akapitiwa na usingizi. Mbele yetu, hatua chache, ulikuwapo mkokoteni uliojaa madafu, na baada ya mkokoteni watu, na baada ya watu mteremko.

Mguu wangu ulikimbilia breki. Breki ilikuwa ikishindana na injini. Hapo ndipo niliposikia sauti ya mjomba, wala hakuipaza. "Klachi. Kanyaga klachi. Wacha ilie. Breki. Sasa zima, lakini ufunguo usiutoe."

Naona ni vyema nieleze kwa nini kila neno lilikuwa na kazi yake, maana huenda likamfaa mtu. Klachi huitenganisha injini na magurudumu. Ukishaikanyaga, injini haina tena la kulifanya gari. Lakini hapo hapo inapopoteza mzigo hupiga ukelele wa kutisha, na ukelele ule humshawishi mtu aachie klachi aliyoikanyaga. Ndiyo sababu ya "wacha ilie." Kuzima hukata moto, ila ukiuchomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga, nawe ukabaki na gari linalobingirika lisiloelekezeka. Mambo hayo yote aliyasema kwa muda ambao mimi ningeutumia kusema "lahaula."

Gari lilisimama. Kati ya boneti na mkokoteni palibaki nafasi ambayo mtoto angeipita kwa kujibana. Mwenye madafu aligeuka, akanitazama, akatazama lile pengo, akaendelea kusukuma. Vijana walitusaidia kulisukuma gari hadi kando, feri ikajaa na kuondoka, na miadi ya daktari ikatupita. Tulipopiga simu tukapewa tarehe nyingine, Alhamisi, wiki tatu mbele. Gari lilivutwa kwa kamba hadi nyumbani.

Njia nzima nilikuwa nikingojea methali. Ile inayohusu mkuu na guu, ambayo nimewahi kuwafundisha watoto wa kidato cha kwanza kwa mwaka mzima wakati wa mazoezi ya ualimu, pamoja na maana ya nje na maana ya ndani. Nilikuwa nimejiandaa kuipokea. Hakuisema. Tulipofika alinyosha kiganja, nikamkabidhi ufunguo, akaingia kuswali.

Kesho yake alitoka mwenyewe, akaniambia nifungue boneti na niushike mkono wake niupeleke penye waya. Niliupeleka. Vidole vyake vilitambaa juu ya ala nyeusi, vikapita kwenye kishikio, vikafika mahali waya unapochomoza kuelekea injini, na hapo akashtuka na kuuvuta mkono. Tone la damu lilikuwa kwenye kidole cha shahada.

"Hesabu," akasema.

Waya wa namna ile si kipande kimoja cha chuma. Ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja mfano wa kamba ya mnazi. Katika huu nilihesabu nyuzi 19. Saba zilikuwa zimekatika, ncha zake zimejikunja nyuma kama miiba ya samaki. Kila waya ulipovutwa, miiba ile iliingia ndani ya ala bila shida. Kila ulipotakiwa kurudi, ilikwama mdomoni. Springi inayourudisha ina nguvu ya kurudisha waya mzima, haina nguvu ya kuswaga miiba saba. Na ndani ya ala, ile oili yangu ilikuwa imegeuka uji mweusi uliochanganyika na mchanga na kutu. Mjomba aliufikicha kati ya vidole viwili. Alinieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko karipio, kwamba ala za nyaya hizi zina bitana laini ya plastiki ndani, zimetengenezwa zifanye kazi kavu. Ukizitia oili nzito huivuta vumbi na kuishika, nayo vumbi ikishashikwa huwa msasa. Hewa yetu ya chumvi huwa imeshaanza kazi. Mimi niliisaidia kuimaliza.

Hapa ndipo penye lile suala la majina. Katika semina moja ya istilahi chuoni tulipata kubishana kuhusu kifaa hikihiki. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuseme "kebo ya kiongezamwendo." Mimi nilitetea "kichapuzi", kwa hoja kwamba kitenzi kuchapuza kipo, kinyambuliwe tu, na nikapigiwa makofi. Nilipompelekea mjomba istilahi yangu, aliuliza, "Kichapuzi? Kwani huchapwa nani?" Kwake yeye, na kwa kila fundi niliyepata kukutana naye Mombasa, ni waya wa mafuta, kama vile pedali yenyewe ilivyo "mafuta" tu: kanyaga mafuta, punguza mafuta.

Jina hilo, kusema kweli, ni la uongo. Hakuna tone la petroli lipitalo karibu na waya ule. Unachokifungua ni mlango wa hewa. Katika koo la injini (na hata Kiingereza kilikiita kifaa hicho kwa neno lililotokana na koo) mna bamba dogo la duara. Ukikanyaga pedali, waya unalizungusha gurudumu dogo la nusu duara lililoshikamana na bamba, bamba linafunguka, hewa inaingia, na kompyuta ya gari inakadiria hewa hiyo na kuamuru petroli kiasi gani inyunyizwe. Dereva anaamuru pumzi, mafuta hufuata. Nilimweleza mjomba ugunduzi huu nikitarajia angalau nukta moja ya ushindi. Akanijibu, "Nanyi mwasema jua limekuchwa. Jua ndilo liendalo?" Nimeacha kukitetea kichapuzi, lakini ningependa ifahamike kwamba nimekiacha kwa hiari.

Kuupata waya mwingine kulinichukua siku nyingi kuliko kuutia. Kutoka Mwembe Tayari hadi Majengo niliingia duka baada ya duka nikiwa na ule mbovu mkononi, na kote jibu lilikuwa moja: wa Corolla upo, wa Celica haupo, na wako wauzaji vijana waliouangalia kama kitu cha makumbusho. Si makosa yao. Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 2000 hayana waya huu kabisa. Pedali ina kihisio kinachopeleka habari kwa umeme, na mota ndogo ndiyo ifunguayo koo. Fundi mmoja wa jua kali alinionea huruma akajitolea kunitengenezea kwa waya wa breki ya baiskeli, achomelee kichwa cha risasi mwishoni. Nimeona magari yanayotembea kwa ufundi huo, na sitaudharau, maana umewafikisha watu wengi makwao. Nilimpigia mjomba simu kumwuliza. Akasema breki ya baiskeli ikikatika baiskeli huwa na nyingine, na hapa hakuna nyingine. Kisha akauliza kama fundi yule ana waya wenye urefu uleule. Hakuwa nao. Waya mfupi huliacha koo wazi kidogo hata usipokanyaga kitu. Mrefu humnyima dereva nusu ya injini.

Hatimaye binamu yangu aliyeko Nairobi aliupata katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan. Ulikuwa umetolewa katika gari lililochinjwa, nao uliteremka na basi la usiku ukiwa umeviringwa ndani ya karatasi ya khaki. Ulinigharimu shilingi 3,500 pamoja na nauli yake. Mjomba aliulaza sebuleni juu ya mkeka, akaulaza na ule wa zamani ubavuni, akapapasa ncha hadi ncha akilinganisha. Kisha akaushika mpya karibu na sikio na kuuvuta na kuurudisha, kuuvuta na kuurudisha, kwa muda mrefu hata nikadhani amenisahau. "Huu wanyamaza," akasema. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wetu.

Tulianza kazi saa kumi alasiri ya Jumamosi, injini ikiwa baridi. Upande wa injini ni rahisi. Unalizungusha lile gurudumu dogo kwa mkono ili waya ulegee, unaupitisha kwenye mfuo wake, na kichwa cha waya kinatoka katika tundu lake chenyewe. Zipo nati mbili zinazoukumbatia mshikio, moja mbele na moja nyuma. Unazilegeza kwa spana namba 12, unaiinua ala. Nilijiona hodari.

Upande wa pedali ulinivua uhodari huo. Waya unapita katika ukuta wa chuma unaoitenganisha injini na abiria, umeshikiliwa na bolti mbili mahali ambapo mwanadamu hakukusudiwa kufika, kisha unanasa juu kabisa ya mkono wa pedali. Nilivua buibui, nikalitundika kwenye kioo cha mlango, nikaingia kichwa chini. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alimsalimu mjomba na kumwuliza kama hakuna mwanamume wa kuifanya kazi ile. Mjomba alimjibu kwamba yupo, ila haoni.

Bolti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imekula kutu. Nilibanwa na usukani, jasho likinichuruzika machoni, spana ikiteleza na kunichuna vifundo, na nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema kwamba haiwezekani. Mjomba alikuwa amechutama nje ya mlango.

"Usiitazame," akasema.

"Nisipoitazama nitaikamata vipi, mjomba?"

"Wewe wailazimisha shingo ifuate jicho, na shingo haina nafasi. Zima tochi. Lala sawasawa. Mkono wako waijua bolti ilipo, umeshaigusa mara kumi."

Nilizima tochi. Nilifumba macho pia, sijui kwa nini. Nikaupeleka mkono polepole juu ya ukuta ule wa chuma: kitambaa cha sufi, ukingo, shimo lisilo na kitu, mkunjo, kichwa cha bolti. Spana ikakaa. Nikavuta kwa uzito wa bega badala ya nguvu ya kiganja, na kutu ikalia, ikaachia. Nilibaki pale nimefumba macho kitambo, nikisikia pumzi zangu na kunguru wa juu ya mwembe. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilipata kuwaza, kwa mwili na si kwa fikira, jinsi anavyoipata sahani, mlango, mswaki, bilauri. Sikumwambia. Nilimwambia, "Imetoka."

"Najua. Nimeisikia."

Kuutia mpya kulikuwa kinyume cha kutoa, kwa subira zaidi. Mjomba aliipitisha mikono yake juu ya njia nzima ya waya kuhakikisha haukukunjwa kwa pembe kali mahali popote wala kuegemea bomba lolote la moto. Mahali pawili alinirudisha nyuma. Kisha tukaja kwenye kuzirekebisha zile nati mbili, na hapo ndipo penye usahihi. Waya haupaswi kukazwa kama uzi wa zeze. Lazima uachiwe ulegevu kidogo, milimita chache tu, ili mguu ukiwa juu koo lifunge hadi mwisho wake. Na wakati huohuo mguu ukiwa chini kabisa koo lifunguke kabisa, lisibakize kitu. Hayo mawili mtu mmoja hawezi kuyapima peke yake. Mmoja hukaa kwenye pedali, mwingine huangalia koo.

Nilikuwa naelekea kukaa kwenye kiti nilipotambua kwamba haiwezekani. Wa kuangalia koo alipaswa kuwa mwenye macho.

Sidhani nilisema lolote. Alizunguka gari mwenyewe kwa kuushika ukingo wa boneti, akaufungua mlango wa dereva, akainama kwa namna ambayo mwili haukuwa umeisahau, mkono mmoja juu ya paa, akaketi. Alikisogeza kiti nyuma hatua moja. Mimi ndimi niliyekuwa nimekisogeza mbele miaka yote hiyo. Akaishika mikono ya usukani, saa tatu na saa tisa, akauacha.

"Tayari?" nikamwuliza kutoka mbele.

"Wewe useme."

"Kanyaga, mjomba."

Gurudumu dogo likazunguka, bamba likafunguka, likasimama karibu na mwisho bila kuufikia. Nikazungusha nati nusu duara. "Tena." Likafika. "Achia." Bamba likajifunga kwa sauti ndogo kavu ya chuma kwa chuma, tak.

"Hiyo," akasema kutoka ndani. "Hiyo ndiyo niliyokuwa siisikii."

Tulirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kanyaga, achia, tak. Niliona mara ya tano kwamba nati hazihitaji tena kuguswa, nikaendelea kusema "tena." Naye akaendelea kukanyaga. Kisha akauliza kama gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Nikahakikisha yote mawili, nikaweka na jiwe nyuma ya gurudumu, nikamwambia ndiyo. Akautoa ufunguo mfukoni, akaitafuta tundu kwa kidole gumba, akawasha.

Injini ilishika mara moja. Aliiacha ipumue, kisha akakanyaga kidogo, akaachia. Ikapanda, ikashuka, ikatulia palepale ilipoanzia. Akakanyaga zaidi. Watoto wa jirani wakaja ukutani. Mamangu akatoka barazani na kijiko mkononi, akasimama, akamwona aliyekaa kwenye kiti kile, akaenda kukaa kwenye ngazi bila ya kusema neno. Mjomba alikuwa ameelekeza uso mbele, kwenye nguzo ya lango yenye mikwaruzo mitatu. Mguu wake wa kushoto, nilikuja kuona baadaye nilipozunguka, ulikuwa umekanyaga klachi.

Adhana ya magharibi ilipoanza alizima. Alikaa kitambo, ufunguo kiganjani, kisha akateremka, akanishika bega.

"Kliniki ni Alhamisi," akasema. "Twende na feri ya saa kumi na mbili, kabla foleni haijajaa."

Nikasema ndiyo, mjomba. Akautia ufunguo katika mfuko wa shati, akaenda kutawadha.